Magongo ya Dada Zangu

Juzi nilipeleka wageni kwenye loji mpya juu ya Karatu, kwa gari langu mwenyewe, maana ninayo manne na darasa la saba sikufika. Niliposhuka, nikapatambua. Ndugu yangu, pale palikuwa uwanja wetu.

Dada zangu wawili, wote wakubwa kwangu, walicheza mpira wa magongo pale, na wilaya nzima haikuwaweza. Dada mkubwa alipiga, dada mdogo akapokea akiwa amempa mgongo, hata hageuki. Mwalimu wa michezo alisema, "Hawa si wawili. Ni mtu mmoja mwenye mikono minne."

Wiki ya kuchagua timu ya mkoa, gongo la dada mdogo likapasuka. Ya shule hayakutosha. Magongo tulizoea kuyakata wenyewe, tawi la mti wa loliondo lililopinda, kule ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro. Bila gongo haendi Arusha. Tukapanda asubuhi, ukungu umeshika, mdomoni bado ladha ya makande ya jana.

Mimi nilitangulia. Njiani nikakuta mavi ya nyati. Bibi alitufundisha: chomeka kidole cha mguu ndani, yakiwa ya moto, rudi nyumbani. Mimi nikayatazama juu juu tu, nikaona yamekauka.

"Ya juzi haya. Twendeni."

"Haya, mzee wa msitu," dada mdogo akanicheka, akaingia kichakani na panga.

Tukasikia pumzi. Pfuu. Dada mkubwa akanisukumia juu ya mti, naye akapanda, akampigia kelele dada mdogo kule chini: "Mdogo wangu, lala! Lala kifudifudi, usinyanyue kichwa!"

Akalala. Nyati akaja mpaka pale, akamnusa kisogo, ute unamdondokea shingoni. Nikajikojolea, leo nakiri. Hata ndege hawakulia. Kisha mnyama akaondoka polepole, kama mwenye shamba.

Arusha walichaguliwa wote wawili, wakashinda. Ila tangu siku ile, dada mdogo kabla ya kupokea aligeuka kwanza, akatazama nyuma. Kila mpira. Mwalimu akamsifu, eti sasa amekomaa. Mimi nilikaa pembeni, na habari ya kidole changu cha mguu kilichobaki kikavu siku ile sijamwambia mtu mpaka leo.

Uwanja naweza kununua mwingine, uwezo ninao. Yule msichana asiyegeuka, simpati popote.