Msumeno Uliopima Mashimo

Hapa mtaani Tena, ukitaka kumkasirisha Mama Kui, mtajie parachichi. Alikuwa na mparachichi nyuma ya nyumba yake uliolisha ploti nzima, na mimi jirani yake nilikuwa wa kwanza kuokota. Miaka sita iliyopita Muthama alikuja na msumeno wake wa mpini mrefu, akaukata ukabaki kisiki, kwa kuwa matawi yalikuwa yameshagusa nyaya za stima. Mama Kui alimwambia mbele yetu sote kwamba hatamsamehe mpaka mti wake urudi. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, ilhali wanasali kanisa moja, viti vinavyofuatana.

Muthama si mtu mbaya. Ni Mkamba wa Kangundo, mpole, mtoto wa mchonga vinyago. Baba yake aliugeuza mti kuwa twiga. Yeye, alivyozoea kusema, aliugeuza kuwa kuni. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mfanyakazi wa Mulika, kampuni ndogo inayotuletea stima mtaani, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukata kila tawi linalokaribia waya. Watu walimbandika jina la Muthama Panga. Alicheka nao, lakini najua lilimuuma. Aliniambia mwenyewe kwamba amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakuna kitu hata kimoja katika mji huu kinachosimama kwa sababu yake.

Mwaka huohuo wake wa mwisho kazini, Mulika wakatoa ahadi. Walikuwa na mitambo ya dizeli inayotapika moshi mweusi, wakatangaza kwamba wataizima mmoja mmoja na kununua umeme wa jua. Kaboni ambayo bado wangeitoa wangeifidia kwa miti mia nne. Kazi ya miti alipewa Lorraine, msichana mwerevu wa ofisini mwenye buti mpya. Akatafuta ardhi isiyo na mtu wa kugombana naye, akaipata: ule ukanda mrefu ulio wazi chini ya nyaya za kampuni yenyewe. Akaleta miche, akamwita Muthama achimbe mashimo.

Mimi nilicheka hadi nikakohoa. Wakubwa wote walikuwa wameiona ramani na kuitia sahihi, na hakuna aliyeinua macho juu.

Muthama hakucheka. Mtu anayekaribia kustaafu hatafuti ubishi na ofisi, na alisimama na jembe lake kwa muda mrefu kabla ya kuliweka kando. Akachukua msumeno, akaulaza chini, kuanzia chini ya waya kuelekea upande wa nyumba.

"Madam," alisema, "hizi miti zote nitakuja kuzikata mimi. Yenye iko ndani ya huu mpini haiponi."

Lorraine alitazama juu, akatazama chini, kisha akaketi juu ya ndoo. Hapo ndipo nilipompenda, kwa sababu hakubisha. Aliuliza tu wapande wapi.

Basi msumeno ukawa ndio kipimo. Muthama aliulaza kwenye uwanja wa shule, akaulaza nyuma ya kanisa, akaulaza kando ya mto, na pale ulipoishia aliongeza hatua tano ndipo akachimba. Miche iliyobaki ilihitaji nyua za watu, na watu walimjua. Wengine waliona msumeno tu wakafunga geti. Ikabidi Lorraine awe anabisha hodi yeye, Muthama akingoja nyuma na toroli.

Nyumba ya Mama Kui waliiacha mwisho. Muthama alikuwa amemwekea mche wa parachichi, ule ulionona kuliko yote. Alipoulaza msumeno na kuongeza hatua zake, aliangukia pale pale penye kamba ya nguo. Mama Kui alisimama mlangoni amekunja mikono. Halafu akaenda, akaifungua kamba mwenyewe, akaingia nayo ndani.

Kila Jumamosi Muthama alikuja na mtungi wa maji, hata wiki ambazo mifereji ilikauka na sisi tukaoga kwa kopo. Mama Kui alimfungulia geti, basi. Muthama alistaafu, akaagwa kwa keki, na bado alikuja. Nilimhurumia, nikamwambia aache kujisumbua. Akanijibu kwamba mti haujakua bado.

Mwaka huu mkaguzi alifika kuhesabu miti iliyo hai, ameandamana na Lorraine. Kila mwenye ua alitakiwa kutia sahihi kwamba mti ulio kwake ni wa Mulika. Sote tulitia. Mama Kui alivaa miwani, akaisoma ile karatasi yote, akamrudishia mkaguzi. Muthama alikuwa palepale na mtungi wake, na mparachichi ulikuwa umempita kimo, ukiwa na matunda manne ya kwanza.

"Huu si wa kampuni," Mama Kui alisema. "Nilikatiwa mti na Muthama, na Muthama ameurudisha."

Mkaguzi alimtazama Lorraine. Lorraine alitabasamu, akapunguza mti mmoja katika hesabu ya kampuni. Muthama aliuweka mtungi chini, akajifuta macho kwa kofia, na wala hakujificha. Mama Kui akamuuliza kama chai anaitaka na sukari au bila.