Bwana Kufuli na Mama Mkwe Wake

Walimu tulimwita Bwana Kufuli, naye hakuchukia. Alikuwa fundi wa kompyuta wa shule yetu, mtu wa maneno machache, na imani yake ilikuwa moja: kwenye mtandao wa shule, huduma isiyo na kazi izimwe, maana mwizi huingilia palepale mlipopasahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alituambia, tena mara nyingi mno, hadi tukaanza kuuonea huruma huo ukuta.

Muhula ule mtu alijipenyeza kwenye kompyuta za shule jirani akiwa mbali, akazichezea alama za mtihani. Mwalimu mkuu akaogopa, akaagiza kila kisicho cha lazima kifungwe. Bwana Kufuli alikuwa ameingojea siku hiyo kwa hamu. Alizima michezo ya maabara, akazima kupeana mafaili kati ya kompyuta na kompyuta, akaizuia printa ya maktaba isipokee kazi kutoka kwenye simu zetu. Mwalimu wa michezo, aliyezoea kutazama mechi ofisini, alinuna wiki nzima. Mimi nilinung'unika kuliko yeye, na sababu zangu nabaki nazo.

Huduma moja hakuigusa. Karani wa shule alikuwa mama mzazi wa mkewe, na miguu ilikuwa imemvimba hata viatu vikamkataa. Fundi alikuwa amemtengenezea njia ya kuingia kwenye kompyuta ya ofisi akiwa nyumbani, aweze kuingiza alama bila kupanda ngazi zetu. Mama alijivunia jambo hilo sokoni na misibani. Mkwe wangu, alikuwa akisema, ameniletea ofisi sebuleni.

Asubuhi moja fundi akaona kwenye mashine yake kwamba mtu asiyejulikana anabahatisha nywila ya mama, tena na tena, kupitia njia ileile. Alikuwa hajafanikiwa. Alama za darasa la mwisho zilikuwa humo, na ndizo zingeamua nani anaendelea na masomo na nani anabaki nyumbani. Fundi akaizima njia papo hapo. Kilichobaki kilikuwa kumpigia mama simu, na hapo ulimi ukawa mzito. Mkwe si mtu wa kumwambia umemfungia. Akamwomba mkewe aseme badala yake, mkewe akamjibu kwamba huo mzigo ni wake mwenyewe. Basi hakuna aliyesema.

Mama akajaribu kuingia kutwa nzima. Kesho yake alikuja shuleni na kandambili, akijishikiza ukutani. Nilikuwa ofisini nikisubiri alama za darasa langu. Aliketi, akawasha kompyuta, akaandika nywila yake, ikamkubali mara moja. Akamgeukia fundi aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyenifungia?"

Fundi akaeleza yote, habari ya yule mbahatishaji na hatari ya alama, akamalizia kwa kusema kwamba aliona haya kumwambia.

"Kufunga umefanya vyema," mama akasema. "Hawa ni watoto wa watu. Ungenipigia, ningekwambia funga kabla hujamaliza kusema. Lakini jana nimeshinda nadhani akili zimeanza kuniacha. Mama yangu zilianza kumwacha hivyohivyo. Nimelia, baba."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile anayotumia kuulizia karatasi. Nilimwonea uchungu, na fundi nilitamani kumzaba kofi.

Mama akaingiza alama mpaka ya mwisho, akanikabidhi zangu, akasimama kwa kuishika meza. Fundi akamnyooshea mkono. Mama akaupita, akashuka ngazi peke yake, akipumzika kila baada ya hatua, na sisi wawili tukabaki juu tukimsikiliza.