Aliyeogopa Kusomwa na Wenzake

Habari za kifo chake zilinikuta Runyenjes, Jumanne asubuhi, nikiwa kwa fundi wa viatu, mguu mmoja ndani ya soksi. Aliyenipigia simu alikuwa mfanyakazi mwenzake, naye alisema tu, "Yule rafiki yako wa misimbo ametuacha. Ni kiharusi." Marehemu alikuwa karani wa kumbukumbu za afya katika hospitali moja ya Embu. Kazi yake ilikuwa kuchukua maneno ambayo daktari ameandika kwenye faili na kuyapa msimbo, yaani herufi na tarakimu ambazo madaktari wa dunia nzima wamekubaliana kuwa ndizo jina la ugonjwa huo. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba silii ovyo. Siku hiyo nililia mbele ya fundi, naye kwa heshima akaendelea kushona.

Tulijuana kwa sababu ya macho ya mama yangu. Mama alikuwa akiona ukungu, na kwa kuwa amepika kwa kuni maisha yake yote huko Kanja, aliulaumu moshi. Daktari wa macho alimtia matone, akammulika, akaandika kwamba mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho imebadilika. Tulikuwa tumekwisha kuaga, nami nawaza bei ya miwani, karani huyu alipotoka chumbani kwake na faili mkononi akatufuata koridoni.

"Mama, pole nikikusumbua. Daktari amesema mishipa imebadilika, lakini hajasema imebadilishwa na nini. Sasa mimi siwezi kuipatia msimbo, juu ya presha iko na yake na ya sukari iko na yake. Ulipimwa presha?"

"Mimi ni macho tu inanisumbua," mama akamjibu. "Presha ni ya watu wa ofisi."

"Basi mimi ndio wa ofisi. Twende nikusindikize, tupimwe sisi wote."

Akamshika mkono, wakaenda polepole wakicheka. Presha ya mama ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi hakumruhusu kuinuka. Daktari aliitwa, akamshukuru karani, akaanza kumtibu mama kile kilichokuwa kikiyaharibu macho yake. Tangu siku hiyo mama humeza dawa kila jioni, na bado ananiona vizuri vya kutosha kunikosoa mavazi. Katika furaha ile sikutambua kwamba yule mwenzetu hakukunja mkono wa shati lake. Alipimwa mama peke yake.

Baadaye tulizoea kunywa chai pamoja, naye akanieleza mambo ambayo mimi msema ovyo sikuyajua. Alisema nyuma ya jicho ndipo mahali ambapo daktari anaweza kuiona mishipa ya damu bila kumpasua mtu. Jicho, alisema, mara nyingi halina kosa, linauchongea tu mwili. Kilichomuumiza ni kwamba watu wetu hutoka kliniki na miwani mipya wakidhani mambo yamekwisha. Nami namuunga mkono. Huku kwetu, Embu hadi Meru, tunaukubali ugonjwa unaoweza kuoneshwa kwa kidole: goti, jino, jicho. Ukisema una presha, watu wanauliza ni nani anakusumbua nyumbani.

Tulimzika kwao Mitunguu, kando ya migomba yake. Mchungaji alisoma historia ya marehemu, akafika pale panaposemwa siku zote, kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mjane akainuka, akaomba kipaza sauti.

"Pasta, nisamehe. Hakuugua muda mfupi. Ni miaka. Macho yake ilianza kuona giza upande mmoja. Badala aende hapo anafanya kazi, akapanda gari mpaka Meru mjini, hospitali hakuna mtu anamjua. Aliogopa faili yake itafika kwa meza ya wenzake wamsome. Huko akapewa dawa ya presha na siku ya kurudi. Dawa ikaisha, na hakurudi, ati ni mbali. Mimi aliniambia ni macho tu. Haya ingine aliniambia akiwa wodi, mdomo ikiwa imevutwa upande."

Wenzake wa kile chumba cha misimbo walikuwa wameketi safu ya mbele. Mmoja alijifunika uso kwa leso. Mchungaji, katika kutafuta la kusema, akatukumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini nilichukia kuisikia methali ile pale. Rafiki yangu hakuficha kwa ujinga. Miaka yote alikuwa akiwasoma watu, majirani na hata wakubwa wake, na aliijua nguvu ya kuwa upande ule wa meza. Ilipofika zamu yake ya kuwa faili alishikwa na haya, na haya yetu wanaume wa milimani ni ngumu kuliko mawe ya mto Thuci. Msimbo uleule aliokataa kumwandikia mama yangu nusu, yeye aliukimbia mzima.

Nasikitika sana, na sitaficha kwamba nina hasira pia. Wale wenzake hawakuwa wa kumcheka. Wangemsumbua kila asubuhi kama amemeza dawa au la, wangemburuta hadi chumba cha presha kama yeye alivyomburuta mama. Kusomwa na wanaokupenda si fedheha, ndugu zangu. Ndiyo tiba aliyoikosa.

Nilirudi Kanja jioni nikamweleza mama ni nani tuliyemzika, na kwa nini. "Na huyo," akauliza, "nani alimshika mkono?" Akaomba maji, akameza dawa yake, kisha akanitazama na kuniambia kesho nikunje mkono wa shati, twende nipimwe.