Sahani Tupu Mbele ya Mama Mina

Tulienda Meru kwa sababu mwanetu Munene alitaka kumwoa Mina, mwalimu kutoka Korea anayefundisha huko. Mama yake Mina alikuwa amefika kutuona kabla ya kukubali au kukataa, na alisisitiza kupika mwenyewe.

Asubuhi tuliondoka Kibugu kwa pikapu ya jirani. Toka Runyenjes hadi Chuka mke wangu alinihubiria. Kwetu Embu, mgeni akibakiza chakula amemdharau mwenye nyumba.

"Baba Munene, hata wakileta mizizi ya mti, utamaliza. Usituharibie harusi."

Nikaahidi. Mimi ni mtu wa githeri, mahindi na maharagwe basi, lakini neno langu nalishika.

Mchana, Meru mjini, nyumbani kwa Mina. Meza ilijaa vibakuli: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, mwani mweusi, visamaki vilivyonikodolea macho. Kabichi ilinichoma hadi masikioni. Nikameza huku nikitabasamu, machozi yakinitoka. Mke wangu alivishinda vile vijiti vyao vya kulia kwa njia rahisi: aliomba kijiko. Tukamaliza kila kitu. Mama Mina akajaza tena, tukamaliza. Akajaza mara nyingine, sasa uso umemkunjamana. Nikalegeza mshipi.

Mwishowe akamnong'oneza binti yake. Mina akaona haya.

"Baba, samahani. Mama anauliza, kwani huko kwenu kuna njaa?"

Kumbe kwao bakuli likibaki tupu, mgeni hajashiba bado! Mama wa watu alishaona mwanawe akiolewa kwenye ukame. Munene alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka, tumbo halikuwa na nafasi.

"Mwambie tumeshiba mpaka kwa shingo," mke wangu akasema. "Si akuje tu aone shamba?"

Safari ya kurudi, Mama Mina alikaa mbele na dereva, sisi nyuma na mikebe ya kabichi aliyotufungia, maskini, tusilale njaa. Nikajifunza kwamba adabu niliyolelewa nayo, machoni pa mama mwingine, inaweza kufanana na shida.

Jioni, Kibugu. Mama Mina hakukubali hata kiti. Alipita kwenye majani chai, akang'oa nduma moja akaipima mkononi, akachungulia ghala la mahindi, akamkagua ng'ombe mbele na nyuma. Tulimfuata nyuma. Niliogopa kweli, maana Munene anampenda yule msichana.

Kisha akasema maneno marefu. Mina akaanza kulia.

"Anasema nini?" Munene akauliza.

"Anasema hapa nitashiba." Akajifuta macho. "Na anaomba Baba asimalize ile kabichi yote leo."