Risasi Ambazo Hazikulia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa msichana, karani katika ofisi moja hapa Bujumbura, na kaka yangu Déo alikuwa ameniazima Toyota yake kwa mara ya kwanza. Badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani Mutanga Sud, nilipitia Nyakabiga makusudi, wenzangu wa kwaya wanione. Waliniona. Nikatoa mkono dirishani kuwapungia, nikajisahau, nikaigonga teksi iliyoegeshwa mbele ya duka.

Ndani alikaa Baba Feza, mkimbizi kutoka Uvira, mwenye watoto watano waliokula kwa teksi ile. Alitoka akijishika shingo, akaniuliza kama nimeumia.

Aibu ni mshauri mbaya. Miaka ile ya vita kila kosa lilikuwa na pa kujificha. Mtu akichelewa kazini, ni risasi. Akishindwa kupeleka mahari, ni vita. Basi polisi alipokuja nilimwambia, kwa Kifaransa changu cha shule, kwamba nilisikia risasi upande wa milimani, nikashtuka, usukani ukanishinda. Baba Feza hakujua Kifaransa. Alitia sahihi kwenye karatasi ya polisi kwa sababu aliniona mimi nimetia. Nyumbani mama alimshukuru Mungu, na mimi nikahurumiwa wiki nzima. Ilinoga, sikufichi.

Jibu la bima ya Déo lilipokuja, lilisema mkataba haulipi uharibifu unaotokana na vita. Si gari la kaka, si teksi. Tulikwenda na Déo kugombana nao, mimi nikipiga kelele kumshinda yeye, nikiwaita wezi. Afisa alitusikiliza mpaka tukachoka, kisha akanigeuzia karatasi yenye maneno yangu mwenyewe. Wakati huo teksi ilikuwa gereji imefunguliwa, fundi hataki kugusa hata skrubu mpaka bima ikubali, na watoto wa Baba Feza walikuwa wakilalia uji.

Siku chache baadaye Baba Feza alikuja kwetu. Alikuwa amepata mtu wa kumsomea ile karatasi. Hakufoka. Alikataa kiti, akaniambia:

"Mutoto yangu, mi nilikuwa mu teksi. Sikusikia masasi. Nilisikia tu gari yako."

Akaendelea taratibu:

"Masasi mi naijua. Iliniulia mutoto mumoja kule Uvira. Vita iko na makosa yake mingi. We usiiongezee ya kwako."

Mpaka leo nikiyasimulia maneno hayo yananichoma.

Kesho yake nilimweleza Déo ukweli tukiwa njiani kwenda bima. Kule niliandika maelezo mapya, na wenzangu wawili wa kwaya wakaja kushuhudia. Afisa aliwauliza nilipunga mkono namna gani. Wakamwonyesha, na makarani wote wakacheka. Nilistahili. Bima ilitusumbua bado, mkaguzi wao akairudia teksi mara tatu, lakini mwishowe ilitengenezwa. Gari la kaka walilikataa kwa sababu niliwadanganya, na hapo sikuwa na la kubisha. Déo aliendesha gari lenye taa iliyofungwa kwa waya mpaka nilipoolewa, wala hakuniazima tena.

Mwanangu, watu wa bima wana ujanja wao, sikatai. Wakikunyima haki yako, idai bila woga. Lakini huwezi kudai haki ukiwa umekalia uongo. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Guu langu siku ile lilichelewa kukanyaga breki tu, ulimi ndio uliowalaza watu njaa. Ukigonga, shuka, mtazame uliyemgonga kabla ya kuifikiria sifa yako. Sema ilivyokuwa siku ileile, huruma za watu hazijakunogea, na useme kwa lugha anayoielewa yeye. Usimwache mwenzio atie sahihi asichokijua.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani. Na siku utakapokosa, maana utakosa tu, akupe ulimi mwepesi wa kusema: ni mimi.