Suruali ya Kuazima

Jumatatu, kwenye ofisi moja ya Kinondoni, mlinzi alimzuia baba aliyevaa pensi.

"Braza, humu hatuingii hivyo."

"Leo ndiyo mwisho wa kumwandikisha mwanangu shule. Nachukua cheti chake cha kuzaliwa tu."

"Ndo utaratibu."

Mzee mmoja, mnene, aliyekwisha kuhudumiwa, akamwonea huruma. Wakaenda choo cha uani, wakabadilishana. Mzee akarudi na pensi, akakaa barazani.

"Shikamoo mzee," mlinzi alisema kwa adabu. "Ila na wewe kasubirie nje ya geti."

Baba akaingia, mkono mmoja ukizuia suruali isidondoke, mwingine ukisaini. Cheti akapewa. Karani hakuinua macho, na hata angeinua, kaunta ile inatufika wateja kifuani.