Mpagazi wa Ruwenzori Ajifunza Kuteleza

Pale Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, mtu friji lake likikataa kugandisha humtafuta Ruphin. Ni fundi mpana wa mabega na mchache wa maneno, na akikuambia friji lako litapona, basi litapona. Majirani wanajua kwamba ni Mnande kutoka mashariki mwa Kongo. Wasichokijua wengi, na ambacho hata watoto wake walikichukulia kama hadithi ya kuwalaza tu, ni kwamba alipokuwa kijana aliishi kwa kazi ya theluji.

Alizaliwa Mutwanga, miguuni mwa milima ya Ruwenzori. Akiwa na miaka kumi na saba alianza upagazi, akibeba mahema na sufuria za wageni kwa siku nne, kutoka kwenye msitu wa mianzi hadi juu kwenye barafu. Aliyemfundisha ni baba yake mdogo, Lambert, aliyekuwa na somo moja tu: mguu usiteleze. Unapiga kisigino mpaka kiingie, unahamisha uzito polepole, ndipo unainua mguu wa pili. Ruphin aliifanya kazi hiyo miaka saba, mpaka machafuko yakawakatisha wageni kuja. Akashuka Butembo kujifunza ufundi wa friji, na mwaka 2001 akafika Johannesburg. Hapo alimkuta Hélène, msusi kutoka Bukavu, wakaoana, wakawapata Murielle na Gaël.

Mwaka 2018 Murielle alikuwa na miaka kumi na minne. Siku moja katika somo la jiografia alisema kwamba baba yake aliwahi kubeba mizigo kwenye theluji karibu kabisa na ikweta. Darasa zima likamcheka. Jioni alimsimulia baba yake kwa Kiingereza, kama kawaida yake, naye akamsikiliza na kumjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yake. Mwisho binti akamuuliza kama habari zile ni za kweli au ni za kuwafurahisha watoto. Ruphin hakukasirika. Alimwambia kwamba wikendi ndefu ya Septemba wataenda wote kwenye theluji, akajionee mwenyewe.

Hélène alidhani ni mzaha, mpaka alipomwona mumewe akibadilisha matairi ya bakkie yake, ile pikapu ya kazini. Theluji ya karibu zaidi ilikuwa Lesotho, lakini karatasi zao za ukimbizi zisingewavusha mpaka, kwa hiyo Ruphin alichagua hoteli moja ya mlimani upande wa Cape Mashariki, hukohuko Afrika Kusini. Ijumaa waliondoka kabla robot za Rosettenville, zile taa za njia panda, hazijajaa magari, na jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoimaliza barabara ya mawe inayopanda hotelini.

Gaël, mwenye miaka kumi, aliposhuka garini alivunjika moyo. Alitegemea mlima mweupe wote. Majira ya baridi ya huku yalikuwa yanakwisha, nyasi zilikuwa za kahawia kila upande, na katikati ya mteremko kulikuwa na ukanda mmoja tu mweupe, kama mkeka mrefu uliotandikwa. Theluji yenyewe nyingi ilikuwa ya kutengenezwa kwa mashine. Ruphin alichota konzi moja, akaiminya, akaiacha idondoke. Akawaambia kwamba asubuhi itakuwa ngumu kama saruji, na ikifika saa sita mchana itakuwa uji, kwa hiyo wawahi kulala.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Saa mbili asubuhi watu walikuwa wakianguka kabla hata ya kuvaa skii, mbao za kutelezea, wakishikana mikono na kucheka. Ruphin alivaa mabuti ya kukodi, akapiga kisigino, akapanda mteremko ule mgumu huku mikono ameiweka nyuma, kama mtu anayekwenda dukani kununua mkate. Alifika juu, akageuka, akashuka vilevile. Mwalimu wa skii, dada wa Kixhosa aitwaye Nomvuyo, alimuuliza alijifunzia wapi. Kabla Ruphin hajafungua mdomo Murielle alishajibu, tena kwa sauti ya kusikiwa na watu wote waliokuwa pale, kwamba baba yake ni mtu wa Ruwenzori.

Lakini skii ni jambo jingine. Nomvuyo alimfunga zile mbao mbili miguuni, akamwonyesha namna ya kukunja magoti, akamwambia aziachie ziende. Ruphin hakuweza kuziachia. Kila zilipoanza kusogea, mwili wake wenyewe ulijitupa ubavuni, ukajishikiza. Mara ya kwanza watoto walicheka, na yeye akacheka nao. Ilipofika mara ya tano hakuna aliyecheka. Wakati huo Gaël alikuwa ameshashuka hadi chini mara mbili, na Murielle alishaanza kukata kona.

Murielle alimwona baba yake ameketi kwenye theluji, akaenda kuketi kando yake. Akamsemesha kwa Kiswahili, jambo ambalo si kawaida yake.

"Papa, uko unaogopa?"

"Hapana. Miguu ndiyo inakataa."

Kisha Ruphin akamsimulia habari ambayo hakuwahi kuileta nyumbani. Alikuwa na rafiki, Gaston, mpagazi mwenzake. Asubuhi moja kule juu, Gaston aligeuka kumwambia neno, mguu wake ukateleza, akaenda. Hakupiga kelele. Alitelezea kwenye ufa wa barafu, na hawakumpata tena. Tangu siku ile Ruphin alipanda mlima miaka mitatu mingine bila kuteleza hata mara moja, na mpaka leo mwili wake haujui kwamba kazi ile imekwisha.

Murielle akanyoosha kidole bondeni.

"Hapa chini hakuna shimo, Papa. Hapa chini kuna Mama."

Kweli, pale ukanda mweupe ulipoishia, Hélène alikuwa amesimama kwenye nyasi na chupa ya chai, amejifunga vitenge viwili juu ya koti. Ruphin aliutazama mteremko upya, safari hii kama anavyotazama friji kabla ya kulifungua: wapi pamelala, wapi pameinuka, wapi panaishia. Hapakuwa na kitu cha kumdhuru. Akamwomba binti yake atangulie, akasimama, akakunja magoti, akaziachia.

Alikwenda moja kwa moja bila kona hata moja, mikono ameitanua, macho yamemtoka. Hélène alipisha njia kwa wakati. Ruphin alipitiliza, akaingia nyasini, akasimama wima, akabaki hapo akihema. Kisha akarudi juu. Siku hiyo alishuka mara nane, akaanguka mara mbili tu, na wala hakujali nani anamtazama.

Jumapili alasiri, theluji ikiwa imeshalainika, Hélène alisema na yeye anataka kufika juu, ila kwa miguu yake. Ruphin akatangulia akimkatia hatua, naye akaweka mguu pale mumewe alipoutoa. Walipita mwisho wa theluji ya mashine, wakafika kwenye korongo lenye kivuli ambako theluji ya kweli ya Julai ilikuwa bado imelala. Hélène alivua glavu akaishika.

"Miaka kumi na sita unaniambia habari hizi, Papa Murielle," alisema. "Mimi nilikuwa naitikia tu."

"Nilijua," Ruphin akasema.

Walikaa pale mpaka upepo ukawafukuza. Waliposhuka, soksi zikiwa zimelowa chapachapa, Hélène hakwenda chumbani kubadilisha. Alikwenda mapokezi kwanza, kuuliza mwakani msimu unafunguliwa mwezi gani.